Kipimo cha Fundi: Miongo ya Kufufua Injini za Malori Tanzania

Historia ya usafiri wa barabara nchini Tanzania huandikwa zaidi kwa kuhesabu vilivyojengwa na vilivyonunuliwa: bomba la mafuta la TAZAMA la mwaka 1968, reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, lami ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, na malori ya Fiat, Leyland, Bedford na Scania yaliyoshushwa bandarini. Hesabu hiyo ina upungufu mkubwa. Lori jipya likianza kazi huanza pia kulika, na injini ya dizeli iliyolika hufikia siku ambayo ama ishushwe, ifunguliwe na kurudishiwa nguvu zake, ama lori zima liwe chuma chakavu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 uamuzi huo ulikatwa uani kwa mtu, chini ya mwembe, au kwenye gereji bubu isiyo na bango, kati ya fundi mwenye sanduku la spana na mwenye lori asiye na fedha nyingi. Wengi huieleza kazi ile kuwa ni kubahatisha kulikozaliwa na umaskini. Makala haya yanatetea jambo lingine: kwamba ilikuwa taaluma kamili, yenye vipimo vyake, mgawanyo wake wa kazi na namna yake ya kuamua, na kwamba unafuu wake ulitokana na maarifa hayo.

Ushahidi wa kwanza ni injini yenyewe. Waliobuni injini za malori walijua tangu mwanzo kuwa zitalika, wakapanga namna ya kuzitengeneza. Krenki huzunguka ndani ya beringi laini za nusu duara. Ikichakaa huchongwa kwa hatua zinazojulikana duniani kote: robo milimita, nusu, robo tatu, hadi milimita moja, au kwa vipimo vya Kiingereza kumi, ishirini, thelathini na arobaini, yaani sehemu za elfu za inchi. Kila hatua ina beringi yake iliyonenepeshwa ili kuziba kilichochongwa. Silinda nazo zina njia zake. Kwenye injini nyingine bloku hupanuliwa kwa mashine, zikawekwa pistoni za ovasaizi. Kwenye nyingine, kama Scania za lita 11, pistoni hupanda na kushuka ndani ya silivu iliyozungukwa na maji. Silivu ikilika huvutwa nje, ikaingizwa mpya pamoja na mipira yake ya kuzuia maji, na bloku haihitaji kupanuliwa. Kwa hiyo kiwanda cha Ulaya kiliuza injini yenye maisha zaidi ya moja ndani yake, na kitabu chake cha matengenezo kilieleza kila maisha yanaanzia kwenye kipimo gani. Fundi aliyeipa injini hiyo ringi, silivu na beringi mpya alitimiza mpango wa kiwanda mahali ambapo kiwanda chenyewe hakikufika.

Ujuzi huo uliingia Afrika Mashariki kwa milango kadhaa. Ujenzi wa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 ulileta watu zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, lakini elfu kadhaa walibaki, miongoni mwao wahunzi, maseremala na mafundi wa mashine. Wao, na wengine wa jamii zao waliowafuata, walifungua karakana katika miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na Waafrika walioajiriwa humo kama wasaidizi walijifunza kwa kutazama, mara nyingi kwa ujira mdogo na bila cheti. Kenneth King, katika kitabu alichokitoa mwaka 1977 kuhusu mafundi wa Kenya, alieleza kwa kina jinsi ufundi ulivyohama kutoka karakana za Wahindi kwenda kwa mafundi Waafrika. Vyuo vya serikali vilikuwepo, kama kile cha Kabete kilichoanzishwa katika miaka ya 1920 na shule ya ufundi ya Ifunda ya miaka ya 1950, ila nafasi zake zilikuwa chache. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyofundisha wengi kwa pamoja. Jeshi la Uingereza liliwafunza maelfu ya askari wa Afrika Mashariki kuendesha na kutunza malori, na malori hayo yalifanya kazi Ethiopia, Madagaska na Burma, katika njia zilizovunja kila kilichokuwa dhaifu. Askari hao walipovua sare baada ya 1945, walirudi makwao na ujuzi ambao shule za kikoloni zisingeutoa kwa wingi huo hata kwa miongo miwili.

Mara baada ya vita Tanganyika ilipata somo kubwa, na somo hilo lina uzito katika hoja hii. Mpango wa karanga, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kuenea hadi Urambo na Nachingwea, ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Ulikuwa na nguvu ya serikali ya Uingereza nyuma yake. Hata hivyo matrekta mapya hayakupatikana, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimemezwa na vita, na mpango ukanunua mitambo iliyokwisha tumika, mingi yake mabaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Ilifika imechoka, spea zake zilikuwa adimu, na udongo wa Kongwa wenye chembe ngumu za mchanga ulisaga majembe kwa kasi ambayo wapangaji hawakuitarajia. Mpango ulipofutwa mwaka 1951, takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea. Anayedhani kwamba mashine chakavu na ukosefu wa vipuri ni matatizo yaliyoletwa na siasa za baada ya uhuru aitazame Kongwa. Mradi tajiri kuliko yote katika koloni ulikwama mbele ya injini zilizolika, tena kwa sababu ulikuwa umepangiwa mashine bila kupangiwa matengenezo. Fedha haikuziba pengo la matengenezo.

Kisha ikaja barabara ya Zambia. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na muda si mrefu Zambia, isiyo na bahari, ikahitaji njia nyingine isiyopita Rhodesia ya kupitishia mafuta na shaba. Njia iliyokuwepo ilikuwa barabara ya vumbi na matope kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwa upande wa Tanzania peke yake. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia Tanzania Road Services, mali ya serikali mbili pamoja na wabia kutoka Italia, ikiendesha malori ya Fiat yaliyovuta matela. Barabara ilikuwa katili kwa injini. Vumbi likipenya chujio la hewa lililochoka huchanganyika na oili na kuwa msasa unaokwangua ringi na silivu usiku na mchana. Matope humlazimisha dereva kukaa gia ndogo kwa saa nyingi. Mlima kama Kitonga huipandisha injini joto ikiwa imebeba mzigo wote. Muda wa injini kushushwa ukafupika. Kampuni kubwa zilikuwa na karakana zao, lakini msafirishaji mwenye lori moja au mawili, aliyefuata fursa hiyo, alimtegemea fundi wa mji wa njiani. Gereji zilijipanga mahali malori yalipofia, na kila injini iliyofunguliwa ilikuwa darasa kwa vijana walioshika taa na kuosha vyuma.

Uhaba mkali ulikuja baadaye, na kuukuta ufundi huu umekwisha komaa. Bei ya mafuta ilipaa mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya fedha za kigeni. Uagizaji wa magari ulikuwa umekabidhiwa shirika la umma, State Motor Corporation, na kila ombi la vipuri lilisubiri fedha za kigeni zilizogawiwa na Benki Kuu. Malori mengi yalisimama huku pamba na mahindi vikingoja vijijini. Mwaka 1983, katika kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, kuficha na kulangua bidhaa kukawa kosa la kumfikisha mtu kizuizini. Katika hali hiyo, lori lililokufa likawa na thamani kwa vipande vyake: konrodi ya hili, kichwa cha silinda cha lile, pampu ya dizeli ya la tatu. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu magari na maendeleo ya Tanzania, amezichukua gereji za namna hii kuwa mahali ambapo teknolojia ilizalishwa, kinyume na desturi ya kuzihesabu kuwa mahali teknolojia ya wengine ilipokujia kufa. Hoja yake ina nguvu zaidi tukiingia ndani ya kazi yenyewe na kuuliza unafuu ulipatikanaje.

Ulipatikana kwa kupima. Mwenye fedha za kununua kila kitu huhitaji fundi wa kufunga tu. Mwenye fedha za kununua theluthi yake huhitaji fundi wa kuamua ni theluthi ipi. Uamuzi ulianza kabla spana haijashikwa. Moshi wa bluu ulisema injini inakula oili. Moshi mweusi ulielekeza kwenye nozeli, pampu, au hewa isiyotosha. Injini inayopumua kwa nguvu kwenye mfuniko wa oili ilisema ringi zimeshindwa kuzuia mgandamizo. Presha ya oili inayoshuka injini ikipata moto ilisema nafasi kati ya beringi na krenki imezidi. Injini ikishafunguliwa na kuoshwa kwa dizeli, ukucha ulipitishwa juu ya silivu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kutafuta ngazi iliyoachwa na kulika. Asiye na maikromita ya ndani alikuwa na njia iliyo sahihi kihesabu: ringi moja husukumwa chini ya silivu, ambako kulika ni kidogo, likapimwa pengo la ncha zake kwa fila geji, kisha husogezwa juu na kupimwa tena, tofauti ya mapengo hayo mawili ikigawanywa kwa 3.14 hutoa tofauti ya kipenyo. Kwa ringi moja na vibati vya fila geji ilijulikana kama silivu inavumilia ringi mpya peke yake au lazima itolewe. Kwenye beringi, waya laini wa risasi uliobanwa na kufunguliwa ulionyesha kwa unene wake nafasi iliyobaki kwa oili. Valvu zilisagwa kwa mkono hadi zikae, kisha petroli ikamiminwa kwenye tundu. Ikivuja, kazi inarudiwa. Gasketi za pembeni zilikatwa kwenye karatasi ngumu kwa kuigonga taratibu juu ya ukingo wa chuma chenyewe, ikatoka na matundu yake yote.

Nguzo ya pili ilikuwa kugawana kazi. Krenki haichongwi kwa tupa, na bloku haipanuliwi uani. Mashine za kuchonga krenki na kupanua silinda ni ghali na nzito, kwa hiyo zilikaa mijini, na karakana moja yenye mashine ilihudumia gereji nyingi zisizo nayo. Fundi wa uani alifungua, akapima, akapeleka krenki kwa basi au kwa lori la rafiki, akaingoja irudi na kipimo chake kipya, kisha akafunga. Mwenye lori alinunua spea mwenyewe kwa orodha ya fundi, akalipa kazi kwa awamu, na utingo wake ndiye aliyeosha vyuma. Gharama kubwa ya mtaji ilibaki mahali pamoja na ikagawanywa kwa wengi. Gharama ya majengo, stoo na makarani haikuwepo kabisa. Hapo ndipo bei ya uani ilipozidiwa mbali na bei ya karakana rasmi, hata kwa kutumia ringi zilezile na beringi zilezile.

Pingamizi la kwanza ni kwamba tunatukuza ulazima: watu walifufua injini kwa sababu mpya hazikuwepo, na wangekuwa na fedha wangezitupa. Ni kweli kwamba uhaba uliongeza kazi. Lakini ulazima hauelezi kwa nini nchi zenye fedha zilifanya vilevile. Caterpillar ya Marekani ilianzisha mwaka 1973 shughuli ya kuzirudisha injini na sehemu zake kiwandani na kuziuza upya, nayo imekua hadi leo. Watengenezaji wa Uingereza waliuza kwa miongo injini zilizofanyiwa ovaholi kwa kubadilishana na chakavu. Sababu ni moja kila mahali: bloku na krenki ndivyo vyuma vya gharama kubwa, navyo ndivyo vinavyodumu, kinachokwisha ni ngozi nyembamba ya juu. Kuvitupa kwa ajili ya sehemu ya milimita ni hasara kwa tajiri na kwa maskini. Tofauti ni kwamba wa Marekani walikuwa na paa, cheti na jina la kampuni, na wa Tanzania walikuwa na mwembe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kazi nyingi za uani zilikuwa mbovu. Wapo walioweka karatasi nyuma ya beringi ili kuziba nafasi, wakaizuia kupoa; wapo waliokwangua vifuniko vya konrodi kwa tupa hadi tundu likapoteza uduara; wapo waliotia ringi mpya kwenye silivu yenye ngazi, na ringi ya juu ikagonga ngazi hiyo na kuvunjika. Injini zilirudi zimenoki baada ya safari chache. Haya yote yalitokea, na mtetezi wa ufundi huu hana haja ya kuyaficha. Lakini yaangaliwe kwa makini. Kila kosa katika hayo lina jina na maelezo yake kati ya mafundi wenyewe, jambo linaloonyesha kwamba kanuni ilikuwepo na mvunjaji wake alijulikana. Mengi yalifanywa pale beringi ya kipimo kinachotakiwa ilipokosekana kabisa, na chaguo lililobaki lilikuwa safari moja ya kubeba pamba au kutokubeba. Ukaguzi pia haukukosekana: injini ilipelekwa na mzigo mlimani, na fundi ambaye kazi yake haikupanda hakupewa nyingine. Karakana za mashirika zilizokuwa na vyeti, zikingoja vipuri kamili kabla ya kugusa kitu, zilibaki na malori yaliyosimama. Anayepima ubora apime pia idadi ya tani zilizofika sokoni.

Kuna lawama moja inayostahili kukubaliwa bila kuizunguka. Sehemu ya unafuu ule ililipwa na watu na ardhi. Vijana wanafunzi walifanya kazi kwa miaka kwa posho ya chakula, bila glavu, bila miwani, bila fidia ya kidole kilichopondwa na bloku. Oili chafu ilimwagwa udongoni. Wasichana karibu wote walibaki nje ya mlango wa gereji. Taaluma inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa na dhuluma ndani yake, na kuitambua kuwa taaluma ndiyo njia ya kuidai irekebishe hayo. Kinachoitwa kubahatisha hakiwekewi kanuni wala haki.

Kenya inatoa mfano wa jinsi utambuzi unavyobadili mambo. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini humo iliwaeleza walimwengu kwamba shughuli ndogo zisizosajiliwa zilikuwa na tija na uwezo wa kukua. Mwaka 1985 Rais Moi alifika kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuahidi mabanda. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka wa sera wa jua kali na biashara ndogo. Utekelezaji ulisuasua, lakini fundi wa jua kali alipata jina katika mipango ya taifa. Tanzania ilikuwa na SIDO tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa sheria ya 1994, ambayo baadaye imekuwa ikipima na kuthibitisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Hatua hiyo ni njema. Bado inamchukulia fundi kama mtu anayepaswa kufikishwa kwenye maarifa, wakati historia inaonyesha kwamba kwa miongo kadhaa maarifa ya injini kubwa yalikaa kwake.

Pingamizi la mwisho linasema hayo yamepita. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mlango ukafunguka kwa malori na vipuri. Baadaye injini zilizotumika kutoka Japani na Dubai zikajaa madukani, na mwenye lori akaona ni haraka kubadilisha injini nzima kuliko kuifungua aliyonayo. Leo injini zina kompyuta, sensa na nozeli zinazohitaji mashine ya kusomea. Hoja hii inasahau mambo mawili. Injini ya Dubai haina historia inayojulikana. Aliyeinunua ananunua kulika ambako hakukupimwa, na anayemwambia kama amepata au amepatikana ni fundi yuleyule mwenye fila geji. Na chini ya kompyuta ile bado kuna krenki, beringi, silivu na ringi, zinazolika kwa vumbi lilelile na kupimwa kwa kanuni ileile. Kilichoongezeka ni tabaka jipya la maarifa juu ya lile la zamani, na anayelijua la zamani ndiye wa kwanza kupaswa kufundishwa hili jipya.

Kwa hiyo historia hii ina dai lake kwa wakati huu. Mitaala ya vyuo vya ufundi iandikwe pamoja na mafundi wakongwe wa gereji za njia kuu, hasa namna zao za kupima kwa vifaa vichache, kabla wenye kuzijua hawajaondoka. Serikali za miji ziache kuhamisha gereji kama uchafu, ziwape mafundi maeneo ya kudumu yenye sakafu, mapipa ya oili chafu na mashine za kuchonga zinazotumiwa kwa pamoja, kwa kuwa mgawanyo wa kazi kati ya uani na mashine ndio ulioifanya kazi hii iwezekane tangu mwanzo. Nasi tunaoandika historia ya uchumi tuache kuhesabu malori yaliyoagizwa peke yake. Lori lililofufuliwa mara mbili lilibeba mzigo wa malori matatu, na taifa lilikuwa na fedha za kununua moja.